Pikapu, Kempa na Trela: Uchaguzi wa Kirefushi cha Kiungo

Katika barabara kuu za Marekani na Kanada, hasa miezi ya kiangazi, huonekana pikapu zilizobeba kempa, yaani chumba kamili chenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji, ambacho hupakiwa juu ya bodi ya gari badala ya kuvutwa nyuma yake. Wasafiri wengi huupenda mpangilio huo kwa sababu sehemu ya nyuma ya gari hubaki huru kuvuta kitu kingine, kama vile trela ya mashua, ya farasi, ya pikipiki, au gari dogo la kuzungukia mjini baada ya kupiga kambi. Tatizo hujitokeza pale kempa inapokuwa ndefu kuliko bodi inayoibeba, jambo la kawaida kwa kempa kubwa, kwani sakafu yake hutokeza nyuma ya bampa kwa nusu mita, mita moja au hata zaidi, ikafunika kabisa mahali ambapo trela hufungwa. Mkono wa trela haufiki tena, au ukifika, trela hugonga ukuta wa nyuma wa kempa mara gari linapokata kona. Kifaa kinachotumika kuziba pengo hilo huweza kuitwa kirefushi cha kiungo, na wanunuzi wengi hukichagua kwa kuangalia urefu na bei peke yake, ilhali ndicho kipande cha chuma ambacho usalama wa msafara mzima huning'inia juu yake.

Kiungo chenyewe ni fremu ya chuma inayofungwa kwa bolti kwenye chasisi, chini ya bampa ya nyuma. Katikati ya fremu hiyo pana bomba la mraba lililo wazi upande wa nyuma, ambalo ni kipokezi, na ndani yake huingizwa kishikio kifupi kilichobeba tufe la chuma na kuzuiwa na pini. Kikombe kilicho kwenye ncha ya mkono wa trela hukalishwa juu ya tufe hilo na kufungwa, hivyo trela huweza kugeuka kushoto na kulia, na kupanda na kushuka, bila kuachana na gari. Huko Amerika ya Kaskazini vipokezi vya inchi 1.25 huwekwa kwenye magari madogo, vya inchi 2 kwenye pikapu nyingi, na vya inchi 2.5 au 3 kwenye pikapu za kazi nzito. Watengenezaji hupanga viungo kwa madaraja, ambapo daraja la tatu, kwa mfano, kwa kawaida huruhusu trela isiyozidi kilo 3,600 hivi na uzito wa mkono usiozidi kilo 360.

Uzito wa mkono ni sehemu ya uzito wa trela inayokandamiza tufe kuelekea chini. Kwa trela ya kawaida inayofungwa nyuma ya bampa, uzito huo hutakiwa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela, kwa sababu ukipungua sana trela huanza kuyumba pembeni inapoongeza kasi, na ukizidi sana ekseli ya nyuma ya gari huelemewa huku magurudumu ya mbele yakipoteza mkandamizo yanaouhitaji kwa usukani na breki. Trela ya kilo 2,000, kwa hiyo, itaweka juu ya tufe kilo 200 hadi 300 hata kabla gari halijaondoka kituoni.

Hapo ndipo kanuni ya wenzo, ambayo kila mwanafunzi wa fizikia hukutana nayo, inapoingia kazini. Athari ya kani haitegemei ukubwa wake tu bali pia umbali wake kutoka kwenye egemeo, na zao la viwili hivyo huitwa momenti. Ndoo ya maji inayoshikwa karibu na mwili hubebeka bila shida, lakini ndoo ileile ikishikwa kwa mkono ulionyooshwa mbele humchosha mtu baada ya muda mfupi, ingawa maji hayajaongezeka hata tone. Kirefushi huunyoosha mkono wa gari kwa namna hiyohiyo, na kosa linalofanyika mara nyingi ni kudhani kwamba trela iliyokuwa ndani ya kiwango kabla ya kurefusha itaendelea kuwa ndani ya kiwango baada ya kurefusha.

Mfano wa hesabu husaidia kuonyesha ni wapi hasa mzigo unaongezeka, kwani jibu si lile ambalo wengi hulitarajia. Ichukuliwe pikapu ambayo umbali kati ya ekseli zake mbili ni mita 4.4, na tufe lake lipo mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma, ikivuta trela yenye uzito wa mkono wa kilo 250. Bila kirefushi, ekseli ya nyuma hupokea kilo 335 hivi, kwa maana kwamba hubeba zile 250 pamoja na kilo 85 zilizoinuliwa kutoka ekseli ya mbele. Kikiongezwa kirefushi cha sentimita 90, tufe husogea hadi mita 2.4 nyuma ya ekseli, nayo ekseli ya nyuma hupokea kilo 386 huku ya mbele ikipungukiwa kilo 136. Ongezeko la kilo 51 si dogo, ila kwa pikapu kubwa halitishi. Mambo hubadilika macho yanapohamia kwenye kiungo chenyewe. Ikiwa bolti zinazokishika kwenye chasisi zipo nusu mita mbele ya mdomo wa kipokezi, na tufe lilikuwa sentimita 20 nyuma ya mdomo huo, basi umbali kutoka bolti hadi tufe umetoka sentimita 70 hadi sentimita 160, na momenti inayozivuta bolti hizo imeongezeka zaidi ya maradufu. Kwenye mdomo wa kipokezi, ambako umbali umetoka sentimita 20 hadi 110, momenti imeongezeka mara tano na nusu. Kwa hiyo ekseli haihisi sana urefu mpya, ilhali chuma cha kiungo, michomeleo yake na bolti zake huuhisi wote.

Hesabu hiyo ni ya gari lililosimama. Gari linapopita juu ya tuta au kuingia shimoni, trela huruka na kutua, na kani inayoshuka juu ya tufe huweza kuwa kubwa kuliko uzito wa mkono uliopimwa kituoni mara kadhaa, kisha mara baada ya hapo kani hiyo hugeuka na kuvuta kwenda juu. Kupinda huku na huku mara maelfu ndiko kunakochosha chuma, na ufa wa uchovu huanzia pembezoni mwa mchomeleo, mahali ambapo dereva hapaoni asipoinama. Ndiyo sababu virefushi vya kawaida, vile vya bomba moja vinavyouzwa madukani, huja na maelezo kwamba uwezo wa kiungo upunguzwe kwa asilimia 50 vinapotumika. Agizo hilo halikutolewa kwa woga wa kibiashara. Mfano uliotangulia unaonyesha kwamba ni makisio ya haki, na kwamba kwa kirefushi cha karibu mita moja huenda yakawa ya ukarimu kupita kiasi.

Kwa trela nyepesi ya kilo 600 au 700 yenye uzito wa mkono wa kilo 70 hivi, bomba moja fupi kwenye kiungo cha daraja la tatu hutosha, mradi kibandiko chake kisomwe na kuheshimiwa. Trela nzito huhitaji muundo wa namna nyingine. Baadhi ya watengenezaji, na maarufu miongoni mwao ni kampuni ya Torklift ya jimbo la Washington, hutengeneza viungo vyenye vipokezi viwili, kimoja juu ya kingine, pamoja na kirefushi chenye mabomba mawili yaliyounganishwa kwa vyuma vya mshazari, kama kenchi za paa la nyumba zinavyojengwa. Uzito wa mkono unapokandamiza ncha ya kirefushi cha namna hiyo, bomba la juu huvutwa na la chini husukumwa, na kwa kuwa chuma hustahimili kuvutwa na kusukumwa kwa mstari mnyoofu vizuri zaidi kuliko kupindwa, kirefushi huweza kufika mita moja na zaidi huku kikibeba mizigo ambayo bomba moja lisingeikaribia. Umbali wa wima kati ya mabomba hayo una maana kubwa, kwani ukiongezwa maradufu, kani ndani ya kila bomba hupungua kwa nusu. Gharama yake, kwa kweli, ni kubwa, na kiungo cha kiwandani hulazimika kuondolewa ili cha vipokezi viwili kiwekwe, lakini kwa mwenye kempa kubwa na trela ya tani mbili au tatu, hiyo ndiyo njia pekee upande wa gari inayostahili kupendekezwa.

Mabomba mawili hupambana na kani ya juu na chini, ila trela husukuma pia kwa pembeni, pale upepo unapoipiga ubavuni au lori kubwa linapoipita. Kadiri tufe linavyokuwa mbali na ekseli ya nyuma ndivyo msukumo huo wa pembeni unavyopata wenzo mrefu wa kuuzungusha mkia wa gari, na dereva akichelewa au akizidisha kurekebisha usukani, kuyumba huweza kuongezeka badala ya kutulia. Trela kubwa zinazofungwa juu ya ekseli, katikati ya bodi, husifiwa kwa utulivu kwa sababu hiyohiyo, kwani msukumo wa trela hauna wenzo wa kugeuzia gari. Baadhi ya virefushi virefu hufungwa minyororo au fito za mshazari kutoka kwenye ncha hadi pande mbili za chasisi, ambazo hukazwa ili kuzuia mchezo wa kushoto na kulia. Ni haki kutaja pia kwamba kirefushi kina faida moja barabarani, nayo ni kuwa tufe lililo mbali hujipeleka nje gari linapokata kona, hivyo trela hufuata nyayo za gari kwa karibu zaidi na haikati pembe kwa ndani sana. Faida hiyo huambatana na mkia wa gari kufagia upande wa nje, na wakati wa kurudi nyuma trela huitika usukani upesi kuliko dereva alivyozoea.

Jambo linalodharauliwa kuliko yote ni ulegevu wa maungio. Kirefushi huongeza ungio moja zaidi kati ya chasisi na tufe, na kila ungio la bomba ndani ya bomba lina nafasi ndogo ya kucheza. Nafasi ya milimita 2 kwenye bomba lililoingia sentimita 15 ndani ya kipokezi hugeuka kuwa milimita 12 kwenye ncha iliyo sentimita 90 nyuma. Tatizo huwa baya zaidi pale kipokezi cha inchi 2.5 kinapowekewa bomba la kupunguzia ili kipokee kirefushi cha inchi 2, kwani hapo pana nafasi mbili za kucheza badala ya moja. Kila mchezo ni kipigo, na kila kipigo hurefusha tundu la pini kidogo kidogo. Vibano vya kukaza maungio huuzwa kwa bei ndogo na havistahili kuachwa, ingawa havirudishi uwezo wa kubeba ambao urefu umeupunguza.

Urefu unaohitajika hupimwa kutoka katikati ya tundu la pini la kipokezi, si kutoka kwenye bampa, hadi sehemu ya kempa inayotokeza nyuma kuliko zote, iwe ni ngazi, bampa ya kempa au bomba la maji machafu. Baada ya hapo huongezwa nafasi ya trela kugeuka, na hapa chaki na kamba hufanya kazi nzuri kuliko makisio. Umbali kutoka kikombe cha trela hadi pembe ya mbele ya trela ndio nusukipenyo cha duara litakalochorwa na pembe hiyo kuzunguka tufe. Duara hilo likichorwa chini na kona ya nyuma ya kempa ikawa nje yake, pembe hizo haziwezi kukutana kwa namna yoyote ile. Jeki ya trela na mitungi ya gesi iliyo juu ya mkono wake nayo huchora duara lake dogo, na mlango wa nyuma wa kempa unahitaji nafasi ya kufunguka huku trela ikiwa imefungwa. Kirefushi kifupi kuliko vyote vinavyotimiza masharti hayo ndicho cha kununuliwa. Sentimita 15 za ziada kwa ajili ya urahisi tu hazina sababu ya kuwapo.

Kuna kifaa kingine ambacho wavutaji wa trela nzito hukitegemea, nacho ni kiungo cha kusawazisha uzito, chenye fito mbili za springi zinazokazwa kwa minyororo kwenye mkono wa trela ili kuurudisha baadhi ya mzigo kwenye ekseli ya mbele. Fito hizo hufanya kazi kwa kupinda kichwa cha kiungo, maana yake kirefushi kilicho katikati hupokea upinde mpya juu ya ule uliokuwapo, na ndiyo sababu watengenezaji wengi wa virefushi vya bomba moja hukataza matumizi hayo waziwazi. Virefushi vya mabomba mawili mara nyingi huyaruhusu, na kibandiko huonyesha viwango viwili tofauti, kimoja cha kubeba tu na kingine cha kusawazisha. Cha kuzingatia ni kwamba kiwango cha msafara mzima ni kile cha kifaa dhaifu kuliko vyote katika mfululizo, kuanzia matairi na ekseli hadi kikombe cha trela. Ekseli ya nyuma nayo huwa imeshajaa kabla trela haijafungwa, maana baadhi ya kempa kubwa hukaribia au kupita kilo 2,000 zikijazwa maji, gesi na vyombo, na hata pikapu kubwa kama Ford F-350 au Ram 3500 hazina nafasi isiyo na mwisho. Vituo vya malori huko Marekani na Kanada vina mizani za umma zinazopima kila ekseli peke yake kwa malipo madogo, na kipimo hicho, kikilinganishwa na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, humaliza ubishi wote.

Minyororo ya usalama huhitaji fikra mpya mara kirefushi kinapoingia. Minyororo ya trela haitafika tena kwenye vishikizo vya kiungo, na kishawishi ni kuinasa kwenye pete zilizo kwenye ncha ya kirefushi. Kirefushi kikichomoka au kuvunjika, minyororo iliyonaswa juu yake huondoka pamoja nacho. Inafaa minyororo irefushwe, kwa vipande vyenye nguvu isiyopungua uzito kamili wa trela, hadi ifike kwenye kiungo au chasisi yenyewe, na ipishane chini ya mkono wa trela ili iudake usichimbe lami. Waya mwembamba unaowasha breki za trela iwapo itaachana na gari nao hufungwa kwenye chasisi, si kwenye kirefushi wala kwenye minyororo. Nyaya za umeme zikirefushwa zichaguliwe nene, kwa kuwa breki za umeme za trela yenye magurudumu manne huvuta karibu ampea 12 zinapofanya kazi kwa nguvu zote, na waya mwembamba mrefu hupoteza sehemu ya umeme huo njiani, breki zikawa dhaifu bila taa yoyote kuonya.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, mwenye trela angefanya vyema kujiuliza kama urefu unaotafutwa ni lazima uwe upande wa gari. Urefu huohuo ukiwekwa upande wa trela, kwa kutengeneza mkono wake upya na kuufanya mrefu zaidi, matokeo hugeuka kuwa mema. Katika mfano wa awali, trela ya kilo 2,000 ambayo kikombe chake kipo mita 4 mbele ya ekseli huweka kilo 250 juu ya tufe pale kitovu cha uzito wake kinapokuwa nusu mita mbele ya ekseli. Mkono ukirefushwa kwa sentimita 90, uzito huo hushuka hadi kilo 204 hivi, ambao bado ni asilimia 10, nayo ekseli ya nyuma ya gari hupokea kilo 274 badala ya 386 za kirefushi. Tufe linabaki karibu na bampa, chini ya kempa ambako mkono mrefu na mwembamba sasa unafika, kiungo hakipindwi zaidi, trela hutulia kwa kasi na kurudi nyuma kwa upole. Mkono mrefu nao hupindwa zaidi karibu na fremu ya trela, hivyo huhitaji chuma kinene kinachoingia ndani ya fremu, si kipande kilichobandikwa kwenye ncha, na mzigo wa trela hupangwa tena ili asilimia 10 ibaki. Ni mahali penye upenyo chini ya kempa tu ambapo njia hii inawezekana, lakini inapowezekana hupita nyingine zote.

Afrika Mashariki kempa za kupakiwa ni chache, na tufe linalotumika zaidi ni la milimita 50, ila haja ya kurefusha hujitokeza kwenye magari ya safari za mbugani yenye gurudumu la akiba na vibeba madumu ya mafuta kwenye mlango wa nyuma, ambavyo hugongana na jeki ya trela kwenye kona kali. Mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Kamukunji jijini Nairobi wana mikono yenye uwezo wa kuchomelea bomba la kurefusha kishikio kwa muda mfupi, na wateja huliomba hilo. Kasoro si ustadi wao. Bomba lililookotwa kwenye rundo la vyuma halijulikani aina yake wala unene wake wa kweli, halina kiwango kilichopimwa, nalo huwekwa mahali palepale ambapo momenti imekuwa kubwa kuliko kote. Ustadi huohuo ukielekezwa kwenye mkono wa trela, kazi ambayo wachomeleaji wa trela huifanya kila siku, au katika kukihamisha kibeba dumu upande mmoja, mteja hupata nafasi aliyoitafuta na kiungo cha kiwandani hubaki kilivyoundwa.

Aliyechagua kirefushi na kukifunga hukagua tena bolti zote za kiungo baada ya safari fupi ya kwanza, kwa ufunguo unaopima nguvu ya kukaza, kwani chuma kipya hukaa mahali pake na bolti hulegea kidogo. Baada ya hapo, kila kabla ya safari ndefu, michomeleo husafishwa kwa brashi ya waya na kumulikwa kwa tochi kutafuta mstari wa kutu mwembamba, ambao ndio dalili ya kwanza ya ufa, na pini huchomolewa ili tundu lake litazamwe kama bado ni duara. Tundu likiwa limeanza kuwa yai, kirefushi hicho hubadilishwa chote.